Nyasi ya Mpakani: Itazame Tabia, Usiulize Ilikotoka

Leo nazungumzia nyasi. Nyasi ya malisho tunaijua, na ile ya kufyeka njiani tunaijua pia. Ninayotaka tuitazame leo ni nyasi inayopandwa kwa makusudi: mpakani mwa kiwanja, kando ya njia ya kuingilia nyumbani, au ndani ya chombo mbele ya mlango, ili mahali papendeze.

Najua kuna baba hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale aliyeshika redio mkononi sasa hivi anasema: huyu leo amekosa la kuongea. Mgao wa chakula umepunguzwa, kiwanja nilichopewa ni mita 30 kwa 30, na wenzangu waliofika juzi wamepata pungufu ya hapo. Mahindi hayatoshi, halafu mtu aniambie nipande nyasi ya urembo? Baba yangu, swali lako ni la haki, na nitalijibu kwanza kabla sijaendelea.

Sikuombi utoe hata mstari mmoja wa maharage. Kila kiwanja kina sehemu ambazo chakula hakipandwi wala hakikubali: ukingo wa njia unaokanyagwa na watoto kutwa nzima, kijiteremko cha nyuma ya choo, pale maji ya bati yanapodondokea, na kingo za mtaro. Sehemu hizo hubaki tupu, na patupu ndipo udongo unapoondokea. Wilaya yetu ya Isingiro ni ya ukame. Mvua zetu ni mbili kwa mwaka, za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba, na zikija baada ya jua refu huja kwa kishindo. Ardhi iliyopigwa na jua na kukanyagwa hainywi maji haraka; maji hukimbia, na yakikimbia hubeba ule udongo mweusi wa juu ambao ndio unaokulisha. Unapoishia ni bondeni, na bondeni ni ziwani. Ziwa Nakivale ndilo linalotunywesha, maana mitambo ya maji inavuta humo. Udongo wa kiwanja chako unakurudia ndani ya jerikani.

Mbarara nako hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Mto Rwizi unapita katikati ya jiji, unanywesha wakazi wake, kisha unaelekea mashariki kwenye mfumo wa maziwa na mabwawa ambamo ziwa Mburo na ziwa letu la Nakivale yamo. Mwaka 2006 eneo hilo la Mburo na Nakivale liliwekwa katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Kingo za mto zikilimwa hadi majini, au kiwanja cha mjini kikiachwa kipara, tope la mwenye nyumba wa Mbarara linasafiri kuwafuata watu wa bondeni. Kwa hiyo mstari wa nyasi mpakani una kazi ya kufanya hata kama hakuna jicho la kuusifia.

Na uzuri nao una haki yake. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda, na mwaka 1960 ikatambuliwa rasmi kuwa makazi. Kuna watu waliozaliwa hapa ambao leo wana wajukuu. Mtu kama huyo huwezi kumwambia asubiri siku ya kurudi kwao ndipo aanze kupenda mlango wa nyumba yake. Wakati huohuo ardhi tunayolima tumepewa tuitumie, hatuwezi kuiuza, na wengi hatujui tutaondoka lini. Ndiyo maana nyasi inatufaa. Mti wa kivuli unataka miaka. Nyasi ya kupamba inasimama ndani ya msimu mmoja, na siku ukihamishwa kutoka kijiji hiki kwenda kile unachimba kichaka, unakitia kwenye gunia lenye unyevu, unakwenda nacho.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo kiini cha mazungumzo ya leo kilipo. Watu wengi wanapochagua mmea wa kupamba huuliza umetoka wapi. Wa Ulaya? Wa Kampala? Wa porini hapahapa? Mimi nasema swali la kwanza liwe tabia. Nyasi zina tabia mbili kuu. Kuna zinazokaa: huota kichaka, kichaka hunenepa polepole pale ulipokiweka, na hakisogei mpaka wewe ukichimbe na kukigawa. Na kuna zinazosafiri: ama hutambaa kwa mizizi chini ya ardhi hadi kwenye viazi vyako, ama hutoa mbegu nyepesi zinazochukuliwa na upepo hadi kwa jirani. Nyasi inayosafiri inaweza kuwa na kazi yake, lakini mpakani mwa kiwanja kidogo itakugombanisha na watu.

Eneo letu hili la Ankole linatupa mfano mzuri kuliko wa kitabuni. Jiji la Mbarara lenyewe limechukua jina lake kwa nyasi, emburara, iliyokuwa imejaa kwenye vilima vile. Lakini ukipita leo kwenye malisho ya ng'ombe wa pembe ndefu utaona nyasi nyingine imetamalaki, wenyeji wanaiita omuteete. Ni nyasi ya hapahapa. Kwa macho ni nzuri: vichaka vimesimama wima, masuke yanageuka rangi ya kutu wakati wa kiangazi, na ukifikicha jani linanukia ndimu. Ila ikishakomaa ng'ombe haigusi. Malisho yakichoka kwa kukanyagwa na kuliwa mno, nyasi tamu zinakwisha, omuteete inabaki peke yake na kumwaga mbegu. Wafugaji hulazimika kuing'oa kwa jembe, kichaka kwa kichaka, na kazi hiyo inagharimu jasho na pesa.

Omuteete ina ndugu yake wa damu ambaye kila mama anamfahamu: mchaichai. Wote wawili ni wa ukoo mmoja, unaoitwa Cymbopogon na wataalamu. Mchaichai si wa Afrika, asili yake ni Asia, umefika kwetu kwa mikono ya watu. Lakini tabia yake ni ya upole kabisa. Ni nadra kutoa maua, hauenezi mbegu, hautambai. Unakaa pale ulipopandwa hadi mtu auchimbe. Mwenyeji anasumbua na aliyetoka mbali anastahi. Basi asili ya mmea isiwe hukumu yake. Mwulize unaishije na majirani.

Na kosa hili la kutotazama tabia halikufanywa na sisi peke yetu. Kuna nyasi ambayo wataalamu waliizoea kwa jina la Pennisetum setaceum, yenye masuke marefu ya manyoya yanayoinama pande zote. Asili yake ni Afrika ya kaskazini na mashariki pamoja na nchi za Uarabuni. Wapenda bustani waliibeba dunia nzima kwa uzuri wake. Ilipofika Hawaii na Afrika Kusini ikatoka bustanini, ikaingia porini, na kwa kuwa hukauka kabisa wakati wa jua imekuwa kuni ya moto wa nyika. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliitia katika orodha ya mimea vamizi ambayo hairuhusiwi kuuzwa wala kupandwa. Na mwezi Agosti 2023, moto ulipoteketeza mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui na kuua watu zaidi ya 100, sehemu ya kilichouchochea ni nyasi kavu za kigeni zilizojaa kwenye mashamba ya miwa yaliyotelekezwa, zikiwemo nyasi zilizotoka Afrika kama malisho.

Ile Pennisetum setaceum ina jamaa yake wa rangi ya zambarau, majani na masuke yote yameiva wekundu wa divai. Huyu ndiye unayemkuta zaidi kwenye bustani za mahoteli na vitalu vya mijini. Ukitaka kununua kwa fundi wa bustani mjini Mbarara, chukua huyu wa zambarau, kwa sababu mbegu zake kwa kawaida hazioti. Hupandwa kwa kugawa kichaka. Yule wa kijani mwenye masuke meupe au ya waridi mwache.

Haya, tupande nini basi?

Cha kwanza, bila kusita, ni mchaichai. Fanya hesabu pamoja nami. Upande mmoja wa kiwanja ni mita 30. Ukipanda kila nusu mita unahitaji vichipukizi 60 hivi. Kichaka kimoja kilichokomaa kinatoa vichipukizi 20 au zaidi. Kwa hiyo vichaka vitatu vya jirani yako vinatosha kupanda upande mzima, na jirani hapungukiwi kitu, maana kichaka kizee kisipogawanywa hufa katikati. Majani yake unachemsha chai asubuhi, yanayozidi unafunga mafungu unapeleka sokoni.

Cha pili ni vetiva. Hii ni nyasi iliyotoka Bara Hindi, na aina inayopandwa kwa ajili ya udongo haitoi mbegu zinazoota. Mizizi yake haitanuki pembeni, inashuka wima, mita tatu na zaidi chini. Benki ya Dunia iliipigia debe sana tangu miaka ya 1980 kama ukuta wa bei nafuu wa kuzuia mmomonyoko. Ipande kwa kubananisha, sentimita 15 kutoka shina hadi shina, ukifuata usawa wa mteremko, yaani kukata njia ya maji. Baada ya misimu miwili udongo unaojikusanya nyuma yake unakutengenezea tuta bila jembe. Majani yake yanaezeka banda la kuku vizuri.

Cha tatu ni ile ndefu inayokwenda kwa majina mengi. Sisi Wakongo tunaiita matete, Warundi na Wanyarwanda urubingo, Waganda ebisagazi, na kwenye vitabu vya kilimo ni nepia. Usiiweke karibu na mlango, ni kubwa mno. Mahali pake ni ukingo wa nje wa shamba la mahindi, na hapo ina kazi ya ajabu. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao makuu Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted huko Uingereza, walibuni kilimo kinachoitwa vuta-sukuma. Nondo wa viwavi wanaotoboa mabua huvutwa na harufu ya nepia, hutaga mayai huko, na viwavi wakianza kutoboa hunaswa na utomvu unaonata, wengi wanafia humo. Katikati ya mahindi hupandwa desimodiamu inayowafukuza nondo kwa harufu yake na kudhibiti gugu la kiduha. Kwa hiyo mpaka wa nepia ni mlinzi, ni malisho ya mbuzi, na ni pazia la upepo. Angalia jambo moja tu: nepia ina ugonjwa wa kudumaa ulioenea Uganda na Kenya, majani yanakuwa madogo na ya manjano. Chukua vipande kwenye kichaka chenye afya pekee.

Paspalamu je? Kila ua wa Mbarara unayo, inauzwa kwa magunia, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Hii ni ya kutandaza. Inashika kingo za mtaro vizuri sana na inavumilia miguu ya watoto. Lakini inatambaa, kwa hiyo chimba kijifereji cha kiganja kimoja kati yake na tuta la mboga, na kila mwezi pitisha panga ukate vidole vinavyovuka. Ukizembea itakula sukuma wiki yako.

Kwa mwenye hamu ya kitu cha majimaji, kuna mafunjo na jamaa yake mfupi mwenye majani yaliyojipanga duara juu ya shina. Hao kwa kweli si nyasi, ni wa jamii ya ndago, lakini kwenye chombo wanapendeza kuliko wote. Usiende kung'oa mafunjo ziwani. Pale yanachuja maji na kulea samaki. Tafuta kipande kwa mtu anayeotesha. Chombo chao kisiwe na matundu, na ukijaze tope hadi juu pasibaki maji ya wazi, kwa sababu maji ya wazi ni kitalu cha mbu.

Tumefika kwenye vyombo, na hapa ndipo mtu asiye na ardhi kabisa, kama mpangaji wa chumba kimoja mjini, naye anaingia. Jerikani ya lita 20 iliyopasuka inatosha. Kata sehemu ya juu, pasha msumari moto utoboe matundu matano au sita chini, weka vipande vya tofali, kisha jaza udongo: makopo mawili ya udongo wa juu, moja la samadi iliyooza vizuri, moja la mchanga. Acha nafasi ya vidole vitatu juu ili maji yasimwagike. Maji ya kusuuzia vyombo yanafaa, mradi hayana sabuni nyingi. Chombo kilichobeba dawa ya kunyunyizia mimea usikitumie kamwe, hasa kwa mchaichai utakaounywa. Na usipange jerikani kumi zenye mimea kumi tofauti. Weka tatu tatu za aina moja, ndefu nyuma na fupi mbele, jicho litulie. Baada ya mwaka au miwili mizizi itajaa chombo. Pindua, gawa kwa panga, panda upya, nusu mpe mwenzako.

Namna ya kupanda ni rahisi. Subiri mvua ya kwanza ilowanishe ardhi. Chagua vichipukizi vya pembeni mwa kichaka, vile vya katikati vimechoka. Kata majani yabaki urefu wa shibiri moja, ili mmea usipoteze maji kabla mizizi haijashika. Panda siku hiyohiyo, sehemu nyeupe ya shina iingie ardhini, kandamiza kwa mguu. Mvua ikikata, mwagilia jioni kwa wiki mbili tatu. Mchaichai usiuvune kabla ya miezi mitatu au minne, na ukivuna acha kiganja kimoja juu ya ardhi.

Kuna mambo matatu ambayo watu huniuliza kila mara, niyajibu hapa.

La mbu. Mchaichai uliosimama kwenye chombo haufukuzi mbu. Mafuta yanayouzwa kwa kazi hiyo hukamuliwa kutoka kwa majani mengi ya ndugu zake, tena nguvu yake huisha upesi. Panda mchaichai kwa chai na kwa uzuri. Kwa malaria lala ndani ya neti.

La nyoka na panya. Hofu hii ina msingi. Nyasi yoyote ndefu iliyoachwa bila kusafishwa huficha wadudu na wanyama. Ile ndefu iwe mbali na mlango na mbali na choo, vichaka vya karibu na nyumba visafishwe chini mara kwa mara, majani makavu yatolewe. Majani ya mchaichai na nepia hukata ngozi, kwa hiyo yasiwe mahali watoto wanapokimbilia.

La moto. Huko Ulaya na Marekani kuna mafundi mashuhuri wa bustani za nyasi. Mjerumani Karl Foerster, aliyefariki mwaka 1970, alizitetea nyasi maisha yake yote, na Mholanzi Piet Oudolf alizipanda kwenye High Line, reli ya zamani ya juu jijini New York iliyoanza kufunguliwa kwa umma kama bustani mwaka 2009. Mafundi wa aina hiyo huziacha zikauke zikiwa zimesimama majira yote ya baridi, kwa sababu ukavu wenyewe una uzuri wake. Sisi tusiige hilo karibu na nyumba. Kwetu ukavu unakuja pamoja na upepo, majiko ya kuni na watu wanaochoma vichaka. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua, kata nyasi yako kwa slasha, yale makavu yatandaze chini ya migomba. Usichome.

Na kama unapenda masuke makavu, yakate uyaingize ndani. Yale ya waridi yanayoota kando ya barabara, ambayo mbegu zake huruka na upepo, hayahitaji kupandwa na mtu. Chuma mkono mmoja kabla hayajapukutika, weka kwenye chupa mezani. Jirani zetu Wahabeshi hutandaza majani mabichi sakafuni wanapoandaa kahawa, na mgeni akiingia tu anajua ameheshimiwa. Hao hawahitaji kuelezwa kwamba nyasi ni pambo. Usiache mbachao kwa msala upitao: kabla hujatoa shilingi zako kitaluni, zunguka kijijini uone nini tayari kinaota vizuri.

Wasikilizaji wangu, ombi langu ni hili. Mvua za msimu ujao zikianza, chagua upande mmoja tu wa kiwanja, ule wa chini ambako maji hutokea. Nenda kwa jirani mwenye mchaichai, omba vichaka vitatu, gawa, panda mstari mmoja. Ukipewa nyasi usiyoijua, muulize anayekupa maswali mawili: inatambaa? mbegu zake zinaruka? Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mshukuru na uiache. Wenyeviti wa vijiji, kingo za mitaro ya barabara zetu ziko wazi. Siku ya usafi wa pamoja inatosha kuzipanda vetiva au paspalamu bila kungoja mradi wa mtu. Mkipanda, tupigieni simu mtuambie imeshika vipi.